Mwanasiti Asiyeuliza

Kwa miaka kumi na moja Mwanasiti Uweso alipika uji wa watu wanaolala nje, na kwa miaka yote hiyo hakumuuliza hata mmoja wao jina. Si kwamba alikosa ulimi. Makorora nzima inaujua ulimi wa Mwanasiti. Muuza mkaa aliyemletea gunia lenye mawe chini anaujua, na mume wa bintiye anaujua zaidi. Lakini mbele ya sufuria la uji, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, ulimi ule ulitulia. Mtu alikuja, alisalimia au hakusalimia, alipewa kikombe, alikaa barazani akanywa, akaenda zake. Mwanasiti aliuita utaratibu huo sitara. Kumsitiri mtu, kwake, ni kuifunika aibu yake vizuri hata mwenyewe asijue kama umeiona.

Mjini Tanga walikuwapo wengine wenye kazi hiyo hiyo, kila mmoja na mtindo wake. Bi Turkiya wa Chumbageni, mjane wa marehemu Marhun aliyekuwa tajiri wa mbao, aligeuza nyumba moja ya mumewe kuwa malazi ya wanaume: vitanda kumi na viwili, vyandarua safi, na daftari mlangoni. Huko hulali mpaka utaje jina lako, kwenu, na namba ya simu ya ndugu. Halafu alikuwapo Castory, muuguzi wa zahanati ya parokia, ambaye alizunguka na mkoba wake akifunga vidonda na kugawa dawa kwa watu ambao hawakwenda hospitali wenyewe.

Hawa watatu walijuana kwa miaka mingi kama watu wanavyojuana kwa kupishana njiani. Bi Turkiya alisema Mwanasiti analisha watu kama anayelisha bata. Mwanasiti alisema malazi ya Bi Turkiya ni kituo cha polisi chenye vyandarua. Castory alipendwa na wote wawili, na kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Basi Sabiha, afisa ustawi wa jamii, alipopita nyumba kwa nyumba akiwaalika kwenye mafunzo ya siku mbili ya kufanya kazi pamoja, Mwanasiti alimjibu kwamba yeye hana cha kufundishwa kuhusu uji. Sabiha akacheka, akaacha barua. Barua ilikaa juu ya kabati siku nne. Siku ya tano Mwanasiti aliisoma tena, akavaa baibui lake zuri, akaenda. Si kwa ajili ya barua. Alikwenda kwa sababu Fundi alikuwa amepotea.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mkimya, aliyeanza kuja barazani miaka minne nyuma. Siku yake ya tatu aliuona mguu wa meza ya vikombe ukiyumba, akautengeneza kwa kipande cha mti na kisu, bila kuombwa. Tangu hapo Mwanasiti akamwita Fundi. Miezi ya karibuni alianza kukaa pembeni kabisa, mwisho wa baraza panapopita upepo, na kunywea kopo lake mwenyewe, la maziwa ya unga, lililokunjwa mdomo vizuri lisikate. Aliliosha kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Wenzake walimcheka kwamba analeta maringo, na Mwanasiti, ingawa hakusema, aliona hivyo hivyo. Miezi hiyo hiyo alikonda, akawa anakohoa akigeukia ukutani. Mwanasiti aliona, akayageuza macho yake. Sitara.

Alhamisi moja Fundi alikunywa uji wake, akaosha kopo lake, kisha hakuondoka. Alisimama mbele ya sufuria mpaka wa mwisho amekwenda.

"Mama," alisema, "nikikuomba jambo, utaniuliza?"

"Fundi mwanangu, mimi sikuulizi lolote," Mwanasiti alimjibu, tena kwa fahari. "Wewe njoo, kunywa, nenda. Milele sikuulizi."

Fundi alimtazama kidogo, akasema, "Haya, mama," akaenda. Hakurudi Ijumaa, hakurudi Jumamosi. Mpaka siku ya mafunzo, ambayo ilikuwa Jumanne, zilikuwa zimetimia siku kumi na mbili, na Mwanasiti alikuwa analala kwa tabu. Alilirudia jibu lake kila alipokoroga uji, na kila alipolirudia lilizidi kuwa baya. Alikwenda kwenye mafunzo akiwa ameazimia kusikiliza kila neno, huenda mtu akataja amemwona wapi. Yeye mwenyewe asingemtaja. Kumtaja kungekuwa kumwanika.

*

Chumba cha mikutano cha kata kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kujifikiria. Watu walikuwa kumi na wanne: wa misikiti, wa makanisa, wanawake wa vikundi, na mwalimu mmoja mstaafu. Bi Turkiya alikaa mbele na mkoba wake mweusi mapajani. Mwanasiti alimwamkia, "Shikamoo, Bi Turkiya," kwa sababu adabu ni adabu, akaitikiwa, "Marahaba, Mwanasiti, hujambo," kisha kila mmoja akatazama mbele.

Sabiha alibandika karatasi kubwa ukutani, akaandika siku saba za wiki, akawaambia kila mtu aje aandike siku anayogawa chakula. Walikwenda mmoja mmoja, kalamu ikipokezanwa. Walipomaliza, wakaitazama karatasi. Ijumaa haikuwa na nafasi ya kuandika tena: pilau ya msikiti, wali wa Bi Turkiya, biriani ya kikundi cha akina mama, maandazi ya fulani, tende za fulani, na tena pilau. Kila mtu alikuwa ametaka thawabu za siku tukufu. Jumapili nayo, kwa upande wa makanisa, ilijaa vizuri. Jumanne mchana hapakuwa na kitu.

"Kwa hiyo," Sabiha alisema pole pole, "Ijumaa tunawavimbisha, Jumanne tunawafungisha swaumu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Turkiya, na alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwanasiti naye akacheka. Papo hapo akachukua kalamu akaandika jina lake chini ya Jumanne, mchana, maharage na wali. Kikundi cha biriani kikakubali kuhamia Jumatano. Mwanasiti akaanza kumwona yule binti kuwa ana akili.

Ndipo Sabiha akagawa fomu.

Ilikuwa na maswali ishirini na mawili. Jina, umri, kabila, ndoa, watoto, kwa nini uliondoka kwenu, nani alikufukuza, unatumia kilevi gani. Wazo lilikuwa kwamba kila mtoa huduma aijaze na nakala ziwekwe mahali pamoja, wote waweze kuzisoma. Mwanasiti aliisoma mpaka swali la tisa, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti, akasimama.

"Mimi siulizi watu," alisema. "Nimekuja kwa heshima yako, mwanangu, na Jumanne yenu nitapika. Lakini karatasi hii hapana. Mtu amelala nje, ana njaa, nimuulize nani kamfukuza? Kabla ya uji au baada?"

"Mama, hatuwezi kumsaidia mtu tusiyemjua," Sabiha alisema.

"Mimi nimewasaidia miaka kumi na moja."

"Umewalisha," Bi Turkiya alisema bila kugeuka.

Mwanasiti alichukua mkoba wake. Alikuwa na jibu la Bi Turkiya, tena la moto, lakini alilimeza, akauelekea mlango. Kuna jambo ambalo hakuna mtu wa mle ndani aliyelijua. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, Mwanasiti alipewa talaka asubuhi na kaka zake wakamfungia mlango jioni. Alilala nje siku kumi na moja, kwenye veranda ya hospitali, katikati ya ndugu wa wagonjwa, akijifanya ana mgonjwa wodini. Aliwapepea watoto wa watu, akachota maji, akauliza habari za wagonjwa wa wenzake. Mama mmoja mwenye huruma alimletea wali na samaki, akamkalisha chini, akamuuliza, akamuuliza tena, mpaka Mwanasiti akamweleza yote. Kesho yake habari ilikuwa imefika kwa mama yake mzazi, kwa majirani, na kwa yule mume. Yule mama hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka kusaidia. Tangu siku ile Mwanasiti aliapa kwamba akipata chakula cha kumpa mtu, atakitoa bila swali.

Alikuwa amefika mlangoni Sabiha aliposema, "Basi fomu tuiweke kando. Mama, naomba ukae dakika kumi tu. Nataka kila mtu anieleze habari za mtu mmoja anayemkosesha usingizi. Msitaje jina. Kaka Castory, anza wewe."

Mwanasiti alikaa, kwenye kiti cha karibu na mlango.

Castory alikuwa mwanamume mpole wa kutoka Lushoto, mwenye tabia ya kusugua viganja kabla ya kusema. "Mimi nina mgonjwa wa kifua kikuu," alisema. "Ameanza dawa miezi miwili iliyopita. Dawa hizi ni za miezi sita, kila siku, na ukikatisha ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Yeye hakukosa hata siku moja. Kila Ijumaa yuko mlangoni kabla yangu. Sasa Ijumaa mbili hakuja. Nimezunguka mji mzima. Akiendelea hivi atakufa, na naogopa ataondoka na wengine."

"Anafananaje?" Sabiha aliuliza.

"Mtu wa kawaida tu. Ila ana kopo lake la bati, hachangii na mtu. Mimi nilimwambia akae penye hewa na akohoe kwenye kitambaa. La kopo kajitungia mwenyewe. Nilimwambia kikombe hakiambukizi, akasema, 'Wenzangu hawana hata afya ya kuchezea.'"

Miezi yote hiyo Mwanasiti anamwona ana maringo! Wenzake wanamcheka, naye anawalinda.

Kabla hajafumbua kinywa, Bi Turkiya aligeuka na kiti chake. "Kopo la maziwa ya unga? Limekunjwa mdomo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Huyo amelala kwangu mwezi mzima! Alitaka kitanda cha dirishani, msimamizi akadhani anapanga kutoroka na vyandarua, akamnyima." Sauti ya Bi Turkiya ilishuka. "Sisi tuna sheria, mtu akitimiza siku thelathini tunampigia simu ndugu yake aje amchukue. Ana dada Muheza. Jumatano usiku nikamwambia, kesho kutwa nampigia Nasra. Nilidhani nampa habari njema. Asubuhi kitanda kitupu. Nikasema, huyu ana lake alilolifanya. Nikaacha."

Sasa wote wawili walikuwa wamesema, na chumba kilikuwa kinamngoja Sabiha aseme neno. Mwanasiti angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba naye anahusika. Alikaa akiushika mkoba wake, akakiona wazi kitu alichokuwa akikikwepa siku kumi na mbili: yule mtu alitoka kitandani kwa Bi Turkiya alfajiri ile, akaja moja kwa moja kwake, kuomba. Alitaka kuulizwa. Watu wa daftari walimuuliza mengi mno, na yeye Mwanasiti, aliyemwamini kuliko wote, alimfungia mlango kwa heshima.

"Alikuja kwangu," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Alhamisi, baada ya uji. Alitaka kuniomba kitu. Mimi nikamwambia sikuulizi lolote. Nilijiona mwema! Nilimfukuza, jamani. Nilimfukuza na uji tumboni."

Bi Turkiya alitoa simu mkobani. "Nampigia dada yake sasa hivi. Huenda yuko huko."

"Usipige!" Mwanasiti alikuwa amesimama. "Amekimbia kwa ajili ya simu hiyo, nawe wataka kuipiga? Tumtafute kwanza. Tumuulize."

"Wewe ndiwe wasema tumuulize?"

"Mimi ndimi."

Walitazamana. Bi Turkiya akairudisha simu mkobani, akafunga zipu.

Sabiha aliacha kabisa mambo ya mafunzo, au labda ndipo mafunzo yalipoanza. Alichukua karatasi nyingine, akataka kila mmoja aseme alichonacho. Mwanasiti alisema kwamba siku za mwisho Fundi alikuja na vumbi la mbao mabegani, lile jekundu la mninga. Castory alisema mgonjwa alimwambia ana mahali pa siri pa kupumzika mchana, pakavu, hapana mtu, ila pana vumbi, na yeye akamkataza kwa ajili ya kifua. Bi Turkiya aliwasikiliza wote wawili, akajipiga paji la uso.

"Alinitengenezea vitanda viwili," alisema. "Nilimpa ufunguo wa bohari la mbao la marehemu achukue vipande. Ufunguo alirudisha. Lakini bati la nyuma la bohari lile limelegea tangu Marhun yu hai."

*

Walimkuta saa nane mchana, nyuma ya mbao zilizosimamishwa, amekaa juu ya gunia, kitambaa mdomoni. Alikuwa amekonda mpaka shati lilikuwa linamning'inia. Hakushangaa kuwaona. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, Castory, Bi Turkiya, Mwanasiti, watu watatu ambao hakuwahi kuwaona mahali pamoja.

"Mmeshampigia?" aliuliza.

"Hatujapiga," Mwanasiti alisema.

"Bi Turkiya alisema atapiga."

"Nilisema, na sikupiga," Bi Turkiya alisema. Mwanamke yule, ambaye Chumbageni nzima humwinukia anapopita, alikalia gogo lenye vumbi na baibui lake la hariri. "Nilikosea, baba. Ungeniambia hutaki."

"Hamkuniuliza kama nataka. Mliniuliza namba."

Castory alitaka kumpima, akamwambia wafungue mlango mkubwa hewa iingie, wakafungua. Alimshika mkono, akasikiliza kifua, akaanza kueleza kwamba lazima waende hospitali leo hii. Mgonjwa alitikisa kichwa. Huko nako wataandika, alisema. Wataandika kwenu wapi, ndugu nani, na mwisho wa yote simu itapigwa. Alisema ameeleza habari zake mara nyingi mno mjini hapa, kwa kila aliyemshikia sahani, na kila alipoeleza alitoka amepungua. Hataeleza tena. Afadhali akae.

Mwanasiti alijua hapo ndipo yule mtu anapowatoka. Castory alikuwa na dawa, Bi Turkiya alikuwa na gari, na vyote hivyo havikuwa na maana mbele ya mtu aliyekataa kunyanyuka. Alisogea akakaa chini, karibu, upande ule upepo unakotoka. Hakuwa na ujuzi wa kuuliza. Alitafuta swali katika yale ishirini na mawili, hakuliona. Akafikiria veranda ya hospitali, na yule mama wa wali na samaki, na neno ambalo yeye mwenyewe angetamani aambiwe siku ile.

"Fundi," alisema. "Nani asijue?"

Mtu yule aligeuza kichwa.

"Sikuulizi ilikuwaje. Niambie tu, katika mambo yako yote, nani asijue nini. Tutalizuia hilo. Mengine tutajua la kufanya."

Fundi akaanza kusema, na ingawa hakuulizwa, alieleza yote. Aliitwa Yasini. Baba yao alikuwa seremala Muheza, akafa, akamwachia vifaa: randa tatu, misumeno, patasi, kisanduku kizima cha mzee. Dada yake Nasra alimfungia kisanduku kile kwa kanga yake mwenyewe, siku Yasini alipokuja Tanga kufungua karakana. Juma la kwanza kikaibiwa. Hakuweza kurudi kumwambia. Akampigia kwamba kapata chumba kizuri, kazi nyingi, karakana ina vijana wawili. Aliendelea kupiga na kuipamba karakana ile mpaka akaona haya hata ya kupiga.

"Ugonjwa ajue," Yasini alisema. "Ugonjwa si kosa langu. Lakini Nasra asijue nilikolala. Mengine yote mseme, hilo asijue."

"Hatajua," Mwanasiti alisema.

"Na yule?" Alimwonyesha Bi Turkiya kwa kidevu.

"Wallahi, kwangu hatolisikia," Bi Turkiya alisema.

Yasini akampa Castory mkono, akanyanyuka.

*

Hospitali walimlaza, wakachukua makohozi ya kupima. Daktari alisema wakimaliza vipimo ataanza dawa tena, na baada ya wiki chache anaweza kuendelea nazo nyumbani. Ila alitaka mambo mawili yaandikwe kabla hajamruhusu: nyumba anamokaa, yenye chumba cha peke yake na hewa ya kutosha, na mtu wa kumwona akimeza dawa kila asubuhi. Bila hayo, alisema, tutamtoa arudi kule kule na tutakuwa tumemsindikiza kaburini. Nafasi zile mbili kwenye karatasi zilibaki wazi.

Siku ya pili ya mafunzo Sabiha hakugawa fomu yake. Alibandika karatasi kubwa nyingine, akaandika juu kabisa, kwa wino mwekundu, "Nani asijue?" Chini yake wakapanga kazi. Mtu ataulizwa habari zake mara moja tu, na mtu mmoja, yule anayemwamini mwenyewe. Wengine watapewa kile tu alichoruhusu. Walibishana mpaka saa sita. Mwalimu mstaafu alitaka maswali kumi, Mwanasiti akakubali matano, na akasema atawafundisha wenzake namna ya kukaa: chini, karibu, na uji kwanza.

Kilichobaki kilikuwa ni Yasini aende wapi. Kwa Bi Turkiya watu kumi na wawili walilala chumba kimoja, daktari alikwisha kataa. Zahanati ya parokia haikuwa na pa kulaza. Mwenye haki ya kwanza alikuwa dada mtu, na Yasini mwenyewe alisharuhusu apewe habari za ugonjwa. Wakakubaliana kwamba atakayepiga ni Mwanasiti. Bi Turkiya alimsomea namba kutoka kwenye daftari lake, tarakimu moja moja, kisha akakaa karibu naye. Castory akasogea upande wa pili.

Nasra aliitikia mara ya kwanza tu. Mwanasiti alijitambulisha, akamwambia Yasini yuko hai, anaumwa kifua, yuko hospitali, anatibiwa. Upande wa pili mtu alilia, akamshukuru Mungu, akalia tena. Alisema hajamsikia mwaka wa pili huu. Alisema alishatuma watu wawili Tanga waitafute hiyo karakana, wakarudi wamechoka, hakuna anayeijua.

"Nataka kitu kimoja tu uniambie, mama," Nasra alisema. "Ndugu yangu alikuwa wapi? Alikuwa analala wapi?"

Mwanasiti aliwatazama wenzake. Castory aliinamisha kichwa. Bi Turkiya alikuwa ameushika ukingo wa mtandio wake.

"Alikuwa kwangu," Mwanasiti alisema. "Makorora. Miaka minne."

"Alhamdulillahi," Nasra alisema, pumzi zikimshuka. "Kumbe alikuwa na mama. Mimi nyumbani nina wajukuu wachanga, siwezi kumleta katika hali hiyo. Basi nakuja mimi, nimuuguze hapo hapo kwako, katika chumba chake, ukiniruhusu. Nakuja kesho. Nikifika Makorora niulizie wapi?"

"Uliza kwa Mwanasiti wa uji. Hata kuku watakuonyesha."

Akakata simu. Nyumbani kwake palikuwa na chumba kimoja cha ziada, cha uani, kimejaa magunia ya mkaa na unga mpaka darini, na dirisha lake halijafunguliwa tangu mwaka aliohamishia mkaa humo.

"Haya," alisema, akisimama na kukaza mtandio kichwani. "Tuna leo jioni na kesho asubuhi. Castory, wewe na dirisha. Bi Turkiya, nataka kitanda, kimojawapo cha vile alivyovitengeneza yeye. Sabiha, mwanangu, lete kalamu, nikuandikie nyumba yangu na jina langu la kumwona akimeza dawa, ukampe daktari."